Mguu Wangu Unatafuta Wakili

Jumanne, 3 Septemba

Nimegongwa na gari lisilo na mafuta. Naandika mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Ngagara hawajaeneza habari yao. Hata tone moja halikuwamo. Injini imezimwa, wanaume wanne wanasukuma kwa nyuma, mzee mmoja ameshika usukani kama mtu aliyebeba sinia ya mayai. Gari likapanda juu ya mguu wangu wa kulia, likasimama hapo hapo, likapumzika. Ilibidi wasukume tena ili lishuke.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye foleni ya petroli. Gari ni la Mzee Candide, mstaafu wa wizara moja, anakaa kartiye ya jirani, yaani mtaa wa pili. Alikuwa kwenye foleni ile tangu katikati ya wiki. Mmoja wa waliosukuma alikuwa Maxime, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara yetu, mwenye mashine ya umeme na kicheko cha kuudhi. Nataka hili likumbukwe. Nimevunjwa mguu na mshindani wangu, kwa mikono yake miwili.

Mimi pia ni fundi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga na mguu wa kulia ndio unaoongoza. Bila mguu huo mimi ni mtu aliyekaa mbele ya meza.

Nilichokuwa nikifanya kati ya magari mawili hakimhusu mtu. Lakini hii ni shajara yangu, kwa hiyo niseme. Nilikuwa nimechuchumaa naficha bidoni, dumu langu la plastiki. Polisi hawataki petroli itiwe kwenye bidoni. Mimi nilitaka kidogo tu, nikaiuze mtaa wa Kinama, ambako watu hawaulizi imetoka wapi. Polisi akapita. Nikainama. Foleni ikasogea. Basi.

Walinipeleka hospitali kwa gari lile lile, wakilisukuma njia nzima. Mzee Candide akapoteza nafasi yake kwenye foleni, na mtaa mzima unasimulia hilo kama vile yeye ndiye aliyevunjika. Mashimo ya barabarani hakuna anayeyataja. Mimi niliyapitia yote kwa mfupa.

Daktari, mama mmoja asiyecheka, amenifunga plasta. Amesema nirudi Jumatatu ya tarehe 16 bila kukosa, aangalie kama mfupa umekaa sawa. Kama haukukaa, ataunyoosha mapema kabla haujashika.

Mzee Candide alilipa palepale. Leo amekuja tena na maparachichi. Akasema atalipa kila kitu hadi nipone, nirudi kwenye cherehani yangu. Aliongea kwa upole, kofia yake ya kahawia mikononi. Nikamtazama, nikawaza: mtu anayekimbilia kulipa anajua anadaiwa kuliko anavyosema. Sidanganywi na maparachichi. Natafuta wakili.

Jumatano, 4 Septemba

Nimemwambia mke wangu. Caritas alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, za kupeleka sokoni, hakuinua hata kichwa. Akaniita kwa jina la binti yetu, kama kawaida.

"Papa Chanelle, ule mutu amesema atalipa yote. Avoka, ule wakili yako, atamulipisha nini ingine?"

Nikamweleza kwamba kuna maumivu, kuna hofu, kuna heshima iliyopotea mbele ya foleni nzima. Akauliza kama na habari ya bidoni nitamweleza wakili. Nikamwambia kila kitu kina wakati wake. Akaendelea kutoa mawe kwenye ndagala.

Mchana akaja Mama Benite, kiongozi wa kwaya. Sikukuu ya parokia inakaribia na kwaya inataka magauni mapya. Alikuwa na mfuko mkubwa, kitambaa cha buluu kinachungulia. Moyo wangu ukaruka. Akanipa pole. Akauombea mguu wangu sala ndefu, nzuri, ya kugusa. Akasema amina, akabeba mfuko wake, akavuka barabara kwenda kwa Maxime.

Nimeongeza magauni ya kwaya kwenye madai yangu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepewa jina. Maître Armel, wakili wa mjini. Wanasema alimtetea mtu aliyevunjika mkono hadi mtu yule akajenga nyumba.

Ofisi iko ghorofa ya juu kabisa. Umeme umekatika, lifti imelala. Wakili wa watu waliovunjika miguu anakaa juu ya ngazi! Nilipanda na magongo yangu, napumzika kila mahali, jasho hadi kwenye plasta. Juu nikamkuta sekretari wake, Orlane, anapaka rangi kucha. Akasema Maître yuko kwenye foleni ya mafuta. Nikauliza ya wapi. Ya Ngagara, akasema.

Nimetoka Ngagara.

Nikashuka. Nikarudi. Nikamkuta ndani ya gari lake, tai shingoni, mafaili kwenye magoti, milango yote wazi kwa sababu ya joto. Nikasimulia ajali yangu vizuri sana, na maumivu yake. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: injini ilikuwa inawaka? Nikasema hapana. Akashusha pumzi. Akasema ingekuwa inawaka, bima ingelipa hata bila mimi kupandisha sauti. Gari linalosukumwa ni mjadala. Bima watasema wamekatia bima gari, hawakukatia bima migongo ya watu.

Kisha akauliza nilikuwa nafanya nini kati ya magari mawili. Nikasema nilikuwa nafunga kamba za kiatu. Akautazama mguu wangu wa kushoto, ulio mzima. Nilikuwa nimevaa ndala. Akauliza siku ile nilikuwa nimevaa nini. Nikasema hizi hizi, lakini nyingine. Akaandika kitu kwenye karatasi na sikumwuliza ni nini.

Akasema ana kesi mahakamani, na je, naweza kukaa ndani ya gari nimshikie nafasi wakati yeye anafikiria jambo langu? Nilikaa hadi jua likazama. Vijana wanasukuma, mimi nashika usukani. Siwezi kukataa kwamba ilipendeza. Watu wawili walinisalimu, wakiniita Maître. Breki nilikanyaga kwa mguu wa kushoto. Mara mbili nusura nimgonge mwanamke mmoja wa ndizi. Mzembe kabisa yule mama, amesimama kati ya magari mawili.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani. Nilichelewa kwa makusudi, nikaingia wakati wa somo la kwanza, magongo yakagonga sakafu hadi benchi la mbele. Watu wote waligeuka. Maxime naye aligeuka, akanipisha nafasi. Anajifanya mwema mbele ya padri.

Nje, Mzee Candide akanijia. Macho mekundu. Anataka kuja Jumamosi na bashingantahe, wale wazee wa kupatanisha, aniombe msamaha inavyotakiwa. "Ndugu yangu, mi silali tena. Nikifunga macho nasikia ule mufupa." Nikamwambia hata mimi nausikia, tena kwa karibu zaidi. Nilitaka kukataa, lakini Caritas alikuwa ameshasema karibuni, mtatukuta.

Anaonekana amekonda. Hilo halimo kwenye madai yangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Mawakili wawili ni bora kuliko mmoja. Leo nimempata Jordan, kwenye lango la mahakama. Si wakili hasa. Yuko kati ya watu na mawakili. Miwani myeusi, bahasha kwapani, anajua kila karani kwa jina la mtoto wake. Na ofisi yake iko chini, barabarani, hakuna ngazi.

Jordan alinielewa mara moja. Akasema kesi yangu ina ugonjwa mara mbili. Kwanza injini. Nitafute mtu wa kusema ilikuwa inawaka. Pili, mguu wenyewe umefichwa. "Juji hawezi kulilia plasta, Mzee. Anataka kuona mguu yenyewe, imepinda." Akauliza daktari atafanya nini tarehe 16. Nikasema atanyoosha kama haujakaa sawa. Akashika kichwa. Akaniuliza: na ukishanyooshwa, utaenda mahakamani na nini?

Kweli! Hakuna aliyewaza hilo. Wakili mwenye tai na sekretari hakuwaza hilo. Nusura niende kwa miguu yangu mwenyewe kuharibu ushahidi.

Jordan hakutaka pesa leo. Alitaka suruali. Nikampa moja nzuri ya kijivu, ya mteja ambaye hajaonekana tangu Pasaka.

Jumatano, 11 Septemba

Suala la injini. Waliosukuma walikuwa wanne. Watatu sijui wanakaa wapi. Amebaki Maxime. Nikavuka barabara na magongo yangu, nikaimeza hasira, nikamsifia mashine yake. Kisha nikamwomba akumbuke vizuri kama hakusikia injini ikinguruma.

"Apana, Astère. Mi nilisukuma na hii mikono. Kama moteri ilikuwa inawaka, sasa mugongo yangu inaniuma ya nini?"

Nikamwambia mtu anaweza kusukuma gari linalowaka. Akauliza kwa nini afanye hivyo. Kisha akashusha sauti, akasema bidoni langu liko kwake. Aliliokota siku ile kabla polisi hajageuka. Je, nalihitaji?

Hiki ni kitisho cha wazi. Na alikisema akitabasamu, kama mtu anayeuliza kama utakula. Nyuma yake kitambaa cha buluu kimepangwa karibu na dari. Nimerudi nyumbani nikakaa mbele ya cherehani yangu, nikamtazama Maxime akishona hadi umeme ulipokatika. Hapo tu ndipo nilipopata amani kidogo.

Ijumaa, 13 Septemba

Maître Armel amepiga simu! Amesoma, amefikiria. Mwenye gari anawajibika kwa gari lake hata likisukumwa na ng'ombe. Atamwandikia Mzee Candide, na Mzee Candide atatoa kitu cha maana, siyo plasta na maparachichi. Sharti ni moja. Hadi hapo nisipokee kitu na nisipatane na mtu. "Usipatane na mutu yeyote, Mzee. Unanisikia?" Nikasema namsikia. Habari ya kesho sikuitaja. Akauliza kama asubuhi nina nafasi, foleni imeanza tena. Nikasema nina wageni.

Nimepanga hivi. Nitakaa na uso wa jiwe. Mila naijua vizuri, baba yangu mwenyewe alikaa kwenye viti vya wazee wale. Aliyekosa akija na bia, ukainywa mbele yao, umesamehe. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Chupa inatosha, na mtaa mzima utakushika kwa chupa ile.

Lakini mtu aliye kwenye dawa hanywi bia. Na mtu mwenye adabu harudishi nyumbani kreti aliyoileta kwa mgonjwa. Wataiacha. Nitabaki na kesi, na kreti.

Caritas amesikiliza mpango wote, akasema ataninunulia soda. Hana imani na mimi.

Jumamosi, 14 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja asubuhi. Mzee Candide kwenye koti lake la kanisani, kofia mikononi. Wazee wawili na fimbo zao. Maxime kama jirani, maana hakosi, na yeye ndiye aliyebeba kreti. Chupa zilikuwa zinatoka jasho. Siku hizi bia ni ya kutafuta mji mzima, baa yetu ya kona inauza soda na maelezo. Sijui alizipata wapi, tena za baridi. Niliangalia ukuta.

Mzee mwenye ndevu nyeupe aliongea kwa muda mrefu. Akasema mguu utaponea kwa daktari, lakini ujirani tutauponyesha hapa, kwenye viti hivi. Kisha Mzee Candide akasimama. Akaiweka kofia yake dirishani. Akasema kosa ni lake, aliona foleni inasogea akafurahi, akachelewa kukanyaga breki. Hakuna aliyemwuliza. Angekuwa na wakili angefundishwa kunyamaza.

Wakafungua chupa, wakaninyooshea. Nikatoa maneno yangu niliyoyapanga. Dawa. Daktari amekataza. Wekeni tu, nitakunywa nikipona. Mzee mwenye ndevu akanitazama, akasema ni sawa, mguu kwanza. Wakanywa mojamoja, polepole. Mimi nikanywa maji. Nilitazama povu hadi macho yakauma. Kisha wakaaga, Caritas akawasindikiza.

Kreti ikabaki kwenye baraza, karibu imejaa. Kama nilivyosema! Kila kitu kama nilivyosema. Maishani mwangu sijawahi kupanga jambo likanyooka hivyo.

Sasa nikajiuliza. Mtu aliye peke yake, nyumbani kwake, mlango umerudishwa, anakunywa mbele ya nani? Mbele ya mtu hakuna. Niliwaza kama wakili kabisa. Nikafungua moja. Ilikuwa baridi hadi kwenye meno. Niliiinamisha, nikafumba macho, na nilipoyafumbua Mzee Candide alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesahau kofia yake.

Akaitazama chupa. Akanitazama mimi.

"Umekunywa," akasema. "Mungu wangu, umekunywa. Asanti, ndugu yangu. Asanti."

Akanikumbatia, chupa katikati yetu. Analia kabisa, mtu mzima kuliko mimi, mabega yanaruka. Kisha akatoka nje akawaita wazee, ambao hawakuwa hata wamefika kwenye kona. Wakarudi wote. Nikajaribu kusema habari ya dawa, lakini nilikuwa na povu kwenye masharubu. Mzee mwenye ndevu akasema nilikuwa nataka kusamehe kimoyomoyo, bila kujionyesha, na kwamba hata baba yangu alikuwa hivyo. Caritas akapiga vigelegele. Sijawahi kumsikia akipiga vigelegele kwa ajili yangu. Maxime akatoa simu, akapiga picha.

Nikanywa nyingine nne. Kesi ilikuwa imeshakufa, na bia haikuwa na kosa.

Jumanne, 17 Septemba

Picha ya Maxime ilienda kwenye kundi la kwaya. Kutoka kwaya ikaenda parokia nzima. Na kwenye kwaya hiyo yumo Orlane, sekretari wa Maître, anaimba sauti ya pili.

Maître Armel hakunigombeza. Alinionyesha picha kwenye simu yake. Mimi, Mzee Candide, chupa, machozi. Nyuma yetu wazee wawili wanacheka. "Mzee, unataka mi nimwambie juji nini? Kwamba ulikuwa na kiu?" Akalifunga faili langu, lilikuwa jembamba. Kisha akarudia wimbo wake. Ingekuwa injini inawaka, tungeenda kwa bima, na bima haiji nyumbani kwako na kreti, wala hailii. Akauliza kama Alhamisi naweza kumshikia foleni. Nikasema ndiyo.

Nikaenda langoni kwa Jordan, nimevunjika moyo. Jordan hakushtuka hata kidogo. Akawaza, akasema: "Mdomo ndiyo imesamehe. Mguu haijasamehe." Maneno haya nayaandika mara ya pili ili yakae. Mdomo umesamehe, mguu haujasamehe. Mguu ni mlalamikaji mwenyewe. Huyu mtu angekuwa na ofisi! Lakini mguu lazima uonekane umepinda, akasisitiza. Hata siku moja nisimruhusu daktari auguse.

Hilo nimeshalitimiza. Jana ilikuwa tarehe 16. Mzee Candide alikuja asubuhi, ameazima gari la shemeji yake lenye mafuta kidogo, anipeleke hospitali. Nikamwambia daktari ametuma ujumbe, ameahirisha hadi mwisho wa mwezi. Akaamini. Huyu mtu anaamini kila kitu, ananichosha. Akauliza kama naumia. Nikasema siumii.

Naumia.

Jumatano, 25 Septemba

Simu ya Jordan haipatikani tangu Ijumaa. Langoni wanasema amehamia kesi za viwanja. Mmoja alimwona jana, amependeza, suruali ya kijivu.

Leo Caritas amerudi kutoka sokoni kabla ya saa sita. Nikashangaa. Akakaa. Daktari amenunua ndagala kwake asubuhi, akamwuliza yule fundi wa mguu yuko wapi, mbona hakuja. Caritas hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Papa Chanelle, daktari hajaahirisha kitu. Ni we ulimuahirisha."

Nikaanza kumweleza habari ya mguu kuwa mlalamikaji. Akasimama katikati ya maelezo, akatoka. Akarudi na Mzee Candide. Mzee Candide alikuwa amepata mafuta, mara ya kwanza tangu ajali, na alikuwa njiani kwenda Gitega kumwona binti yake aliyejifungua. Akageuza gari. Kwa mara ya kwanza nikapanda gari lile likiwa linawaka. Ni gari zuri. Halirushi sana.

Daktari alipiga picha ya mfupa, akaiangalia kwenye mwanga, muda mrefu. Akasema umeshashika vile ulivyolala, umepinda. Sasa ni kuuvunja upya, na mpasuaji, na hata hapo haahidi. Wiki iliyopita ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Akaniuliza: "We mzee, ulikuwa wapi?" Mzee Candide naye akanitazama. Mimi nikatazama dari, palikuwa na mjusi.

Mzee Candide alivaa kofia yake, akatoka kusimama nje karibu na gari. Nilitaka anitukane. Kusema kweli nilitaka. Angenitukana ningekuwa na la kumjibu.

Jumatatu, 30 Septemba

Wametoa plasta. Mguu umegeuka nje. Nikikaa kwenye cherehani, unyayo unaangalia kwa Maxime.

Nilisubiri Caritas aende sokoni. Nikatia uzi. Nikachukua kipande cha kitambaa, nikaweka mguu kwenye pedali, nikakanyaga. Unashuka upande mmoja tu. Gurudumu linaenda, linasita, linarudi nyuma, uzi unakatika. Nikatia uzi tena. Ukakatika. Nikajaribu kwa mguu wa kushoto, nikashona mstari ambao mtoto wa shule angeuonea aibu. Tangu nilipokuwa kijana nimeishi na mlio wa mashine hii. Nililia, naandika tu kwa sababu hakuna wa kusoma. Nililia kwa sauti, kitambaa mdomoni, watu wa barabarani wasisikie.

Jioni akaja Maxime. Alikuwa na bidoni langu. Ameliosha, ameliwekea mfuniko mpya. Akasema hakumwambia mtu, wala hatamwambia. Kisha akasema magauni ya kwaya yamemzidi, kuna vifungo na pindo, kazi ya mkono, ya kukaa tu, kama nitapenda. Alikuwa anatazama chini akisema hivyo. Sikuona kicheko chochote.

Nikamwambia nitafikiria. Nikafikiria wakati anavuka barabara. Kabla hajafika upande wa pili nikamwita.

Ijumaa, 4 Oktoba

Wiki ya kwanza kwa Maxime. Vifungo vya buluu hadi naviona nikilala. Mama Benite amesifia pindo zangu, akaniombea sala fupi. Mzee Candide hupita, hunisalimu kwa mkono kutoka barabarani, hasimami. Caritas ananiwekea chakula mezani na kurudi jikoni. Ananiita Astère sasa, kama mtu wa ofisi.

Kushona vifungo kunampa mtu nafasi ya kuwaza. Nimewaza kwa utulivu kabisa, bila hasira. Jana nilimshikia Maître Armel foleni, na alipokuja kuchukua gari akarudia wimbo wake, na safari hii nikausikiliza vizuri. Tatizo halikuwa mimi. Tatizo ni kwamba gari lilikuwa limezimwa, mwenye gari ni jirani tena mwepesi wa machozi, na siku ile nilivaa ndala. Mambo hayo yote yanarekebishika.

Kesho lori la mafuta linakuja, wanasema ni hakika. Sitasimama kwenye foleni, foleni ni ya wajinga. Nitasimama pale magari yanapotokea, tangi limejaa, injini inanguruma, dereva ana haraka ya kurudi Kinanira. Matajiri wa kule juu wana bima. Nyumba yangu hawaijui, na hawana muda wa kuniletea kreti. Bidoni ninalo, kama sababu ya kuchuchumaa.

Nitatoa mguu wa kushoto. Wa kulia umeshastaafu.

Maxime ameniazima viatu vya kamba. Hakuniuliza ni vya nini.